Vaa Rangi, Toka Nje: Kiangazi cha Mvua Jijini London

Mgeni anayetua London mwezi wa Julai kutoka Dar, Mombasa au Muscat huja na begi la nguo nyepesi, maana ameambiwa ni kiangazi. Ikinyesha siku mbili mfululizo anakimbilia dukani, ananunua koti jeusi, suruali nyeusi na mwavuli mweusi, na vitenge vyote vinabaki begini mpaka siku ya kurudi. Sisi wakazi hatuna cha kumcheka. Panda treni yoyote ya asubuhi mwezi wa Agosti, mawingu yakiwa yametanda, uangalie abiria walivyovaa: nyeusi, kijivu, bluu iliyokolea, basi.

Kanuni ya mwongozo huu ni moja, na mengine yote yanatokana nayo: siku ya mvua, nguo yako ni koti. Gauni lako la kitenge, hata lingeshonwa na fundi hodari namna gani, barabarani halionwi na mtu. Kinachoonekana ni koti, mwavuli, viatu na kichwa. Rangi ianzie huko. Na matembezi yapangwe hivi kwamba unatoka paa hadi paa kwa hatua chache, ukifika ndani unavua koti, na hapo kitenge kinapata zamu yake.

Hatua ya kwanza: ijue mvua yenyewe

London kwa mwaka hupata mvua ya milimita 600 hivi. Dar hupata zaidi ya 1,000. Kwa hiyo si wingi wa maji unaowashinda watu, ni tabia yake. Kwetu masika humwagika, unasubiri barazani, inakatika, unaendelea na safari. Hapa ni manyunyu yanayoanza, yanaacha, yanarudi, na hakuna anayesubiri barazani kwa sababu hakuna baraza. Joto la mchana kwa kawaida ni nyuzi 20 hadi 23, lakini likikutana na mvua na upepo hushuka hadi 15 au 16, na mtu wa pwani hali hiyo anaiita baridi bila kuona haya.

Usiangalie ile picha ya wingu la mvua kwenye simu inayowakilisha siku nzima. Fungua utabiri wa saa kwa saa wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, au ramani ya mvua inayoonyesha mawingu yakisogea. Mara nyingi wingu lililokutisha ni la dakika 20 tu. Kiangazi manyunyu mengi hukusanyika mchana, ardhi ikishapata joto, kwa hiyo bustani na madaraja yaende asubuhi, majumba ya makumbusho yaende alasiri. Jioni usiifunge mapema: mwishoni mwa Juni jua huzama saa tatu na dakika 20 usiku, na mvua ya mchana ikikatika unabaki na saa kadhaa za mwanga mzuri ambao watu wengi huupoteza wakiwa wamesharudi nyumbani kwa hasira.

Waingereza wana imani yao ya zamani: ikinyesha 15 Julai, siku ya Mtakatifu Swithin, basi itanyesha siku 40 mfululizo. Haina ukweli wowote wa hesabu, lakini ukitaka mazungumzo na jirani asiyekusalimu, muulize habari hiyo.

Hatua ya pili: nunua koti kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo pa kuweka fedha na muda wako. Ukiwa na koti zuri la rangi, siku nyingine unaweza kutoka na jinzi na fulana tu na bado ukapendeza.

Shika koti, ligeuze ndani nje. Ukiona utepe mwembamba umebandikwa juu ya kila mshono, hilo ni koti la mvua kweli. Mishono ikiwa wazi, maji yatapita kwenye matundu ya sindano, na mabega ndiyo yatakayoloa kwanza. Kisha soma lebo. Neno "showerproof" maana yake ni manyunyu ya kutoka kituo cha basi hadi mlangoni. "Waterproof" ndilo unalolitaka. Makoti mengi huandikwa pia namba kama 3,000, 5,000 au 10,000, ambayo ni kipimo cha milimita za maji kitambaa kinaweza kuhimili kabla ya kuvuja. Kwa matembezi ya mjini 5,000 inatosha. Anayekuuzia la 20,000 anakuuzia safari ya mlimani usiyokwenda.

Angalia urefu. Koti la kiunoni linaacha mapaja na sketi vyote vinyeshewe. Linalofika magotini au chini kidogo ndilo rafiki wa kitenge. Kofia ya koti iwe na kamba ya kukaza, na kama unavaa kilemba au ushungi, nenda dukani ukiwa umevaa hivyo hivyo ulijaribu. Kofia nyingi zimekatwa kwa kichwa kitupu. Mwishowe, kwapa. Koti la plastiki tupu lisilo na matundu ya hewa linakulowesha kwa jasho lako mwenyewe, na ndani ya treni za chini ya ardhi kuna joto hata nje kukiwa na baridi.

Bei za madukani zikikushinda, nenda maduka ya hisani, yale ambayo watu huleta nguo zao zikauzwa kwa ajili ya kusaidia wagonjwa, wazee au wanyama. Yapo karibu kila mtaa wa biashara. Nguo ambazo hazikuuzika huko nyingi husafirishwa nje, na sehemu yake ndiyo marobota yanayofunguliwa kwenye masoko ya Karume, Dar, na Gikomba, Nairobi. Kwa hiyo hapo unachagua mtumba kabla haujapanda meli. Tumia jicho lile lile: zipu, kola, makwapa, madoa. Mitaa ya wenye nacho, kama Chelsea na Hampstead, hutoa makoti ambayo mwenyewe aliyavaa mara chache.

Sasa rangi. Chini ya wingu mwanga hauna ukali, kwa hiyo rangi zilizoiva hazififii: njano, nyekundu, kijani kibichi, zambarau, damu ya mzee. Rangi za maziwa maziwa kama pinki hafifu na samawati ya kupauka ndizo zinazopotea kwenye kijivu. Njano ina faida ya ziada kwamba dereva anakuona. Mimi ningeshauri koti la rangi moja lisilo na maua, kwa sababu ndilo litakalokutana na vitenge vyako vyote.

Hatua ya tatu: zipange rangi kama kanga

Tandika kanga kitandani uitazame. Ina rangi mbili, tatu, mara chache zaidi. Moja imetawala mji, yaani sehemu ya katikati, nyingine imeshika pindo, na iliyobaki inaonekana pale kwenye jina na vijimaua. Ndiyo maana unaisoma ukiwa mbali. Nguo za siku ya mvua zipange hivyo: koti liwe mji, viatu na mwavuli viwe pindo, na ile rangi ndogo ya tatu iingie kwenye soksi, hereni au skafu. Ukifika rangi tano umeshavuruga.

Njia ya haraka: chukua kitenge unachotaka kuvaa ndani, chagua ndani yake rangi iliyo kidogo zaidi, na hiyo ndiyo iwe rangi ya soksi au skafu. Kitenge chenye bluu na njano na vitone vya damu ya mzee, chini ya koti la njano, kinataka soksi za damu ya mzee. Mtu atadhani ulikaa saa nzima mbele ya kioo.

Ukitaka kuona rangi zikipangwa na bingwa, tafuta kazi za Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akakulia Uingereza na kushinda Tuzo ya Turner mwaka 2017. Kanga ameitumia waziwazi katika sanaa yake, pindo na maneno vyote. Hayati Malkia Elizabeth naye alikuwa na akili hii hii. Alivaa rangi kali za kuonekana umati ulipokuwa mkubwa, na siku za mvua alishika mwavuli wa plastiki unaopitisha mwanga, wenye ukingo wa rangi inayofanana na nguo aliyovaa siku hiyo.

Hatua ya nne: kinachovaliwa ndani

Kabla ya kutoka na kitenge au kanga mpya, ijaribu. Lowanisha pembe ya kitambaa cheupe, isugue kwenye upindo wa ndani kwa nguvu. Ikiacha rangi, usiivae chini ya koti la rangi nyepesi wala juu ya kiti cha mtu. Ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi.

Pamba ikiloa inakuwa nzito na inachelewa kukauka, kwa hiyo upindo wa gauni uishie katikati ya muundi. Maji yanayorushwa na viatu na magurudumu hukaa chini ya hapo. Gauni la kuburuza, na dera ndilo la kwanza, linafyonza maji ya barabarani na kupanda nayo hadi magotini. Dera la kitambaa laini likiloa linaganda mwilini na kuonyesha kila kitu. Liache nyumbani, au lifupishe kwa kulikunja na kulifunga mkanda. Nyeupe nayo itazame vizuri, kwa sababu ile ile. Kwa wanaume, shati la kitenge na suruali ya kitambaa kinachokauka upesi vinatosha. Jinzi ikiloa ni mzigo wa siku nzima. Kanzu ni ya siku kavu, na ile kofia ya viua iliyopigwa wanga ikanyooka usiithubutishe na manyunyu hata kidogo.

Vaa tabaka: skintaiti au soksi ndefu za rangi, gauni, sweta jepesi la sufu ya kweli. Sufu hata ikiloa kidogo inaendelea kukupa joto, jambo ambalo pamba haliwezi.

Miguu na kichwa

Mabuti ya mpira yanapendeza kwenye picha, lakini kuyatembelea siku nzima juu ya sakafu za makumbusho ni adhabu. Buti fupi la ngozi lililopakwa nta, au raba isiyopitisha maji, litakufikisha mbali zaidi. Viatu vya swedi na raba nyeupe viache. Soksi jozi ya pili ndani ya mfuko wa plastiki ni lazima. Mtu mwenye soksi kavu anasamehe mengi.

Misuko mirefu ikinywa maji haikauki mpaka kesho, kwa hiyo beba kofia ya plastiki ya kuogea, ivae chini ya kofia ya koti, na uivue kabla hujaingia popote. Ushungi wa shifoni ya poliesta hukauka upesi kuliko wa viskosi. Kilemba kikubwa kinataka mwavuli wenye umbo la kuba unaoshuka mpaka mabegani, ule wa plastiki angavu. Na chunguza kivuli cha mwavuli wa kitambaa: mwekundu unautia uso wekundu, wa kijani unamfanya mtu aonekane mgonjwa.

Usinunue mwavuli wa bei ya chee unaouzwa mlangoni mwa stesheni mvua ikianza. Juu ya madaraja ya Thames upepo unaupindua hapo hapo. Chagua wenye mbavu za faiba, zinazopinda bila kuvunjika.

Begini

Kanga moja. Sihitaji kuwaeleza watu wa pwani kwa nini, lakini huku matumizi yake yanaongezeka: unaifuta nayo benchi la bustani, ukaikung'uta ukaikunja, ukajifunika mabega kwenye jumba lenye kiyoyozi, ukamfunga nayo mtoto aliyeloa. Chagua yenye jina lolote, hata lile la "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Kwenye basi hakuna atakayelisoma, isipokuwa siku atakapopanda shangazi wa Mombasa, na huyo mtaongea mpaka mwisho wa ruti.

Ongeza chupa ya chai ya moto, mfuko wa plastiki wa kutia mwavuli ulioloa, na chaja.

Hatua ya tano: panga siku kwa kufuata mapaa

Watu wengi hupanga siku kwa kuorodhesha vivutio, kisha mvua inawakuta katikati. Panga kwa kuuliza swali lingine: kutoka hapa kwenda pale nitatembea nje dakika ngapi? Zikizidi kumi, panda basi. Kwenye basi unagusisha kadi unapopanda tu, si unaposhuka, na nauli ile moja inakupandisha mabasi mengine ndani ya saa moja bila malipo mapya. Siti ya mbele ghorofani ndiyo bora zaidi katika jiji zima siku ya mvua. Basi lina faida nyingine: Julai 2021 mvua kubwa zilifurisha baadhi ya stesheni za chini ya ardhi zikafungwa, kwa hiyo jua namba za mabasi ya kwenu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa mtu wa vitambaa, unaanzia stesheni ya Aldgate East. Dakika chache tu kutoka hapo ni Wentworth Street, mtaa wenye maduka ya vitenge yaliyopangana, wateja wake wengi wakiwa watu wa Afrika Magharibi. Nenda siku ya kazi au Jumapili. Jumamosi soko la mtaa huo halifanyiki. Shika kitambaa kwa vidole viwili, ukisugue, ugeuze upande wa nyuma: rangi ikiwa imeiva pande zote mbili, hicho ni cha nta kweli, nyuma ikiwa imepauka, ni chapa ya upande mmoja na bei yake ishuke. Kupunguziwa kunawezekana, hasa ukichukua vipande viwili.

Kutoka hapo tembea hadi Old Spitalfields, soko lenye paa, ule chakula cha mchana ukiwa mkavu. Kisha teremka kuelekea Leadenhall, soko la mwaka 1881 lililofunikwa paa la chuma na kioo. Nguzo zake zimepakwa kijani, krimu na damu ya mzee. Ukivaa koti la njano ukasimama katikati yake, huhitaji mpiga picha wa kulipwa. Siku ya kazi mchana kumejaa watu wa maofisini. Jumapili maduka mengi yamefungwa, ila njia iko wazi na picha hazina vichwa vya watu. Hatua chache mbele kuna Sky Garden, bustani juu ya ghorofa refu la Fenchurch Street. Kuingia ni bure lakini lazima uweke nafasi mapema mtandaoni. Watu huahirisha wakiona wingu. Wewe nenda: kuitazama mvua ikisogea juu ya Thames kutoka huko juu kunazidi kuona jua. Ukishuka, kamata basi namba 15 upande wa magharibi, linapita kanisa kuu la St Paul's na kukushusha karibu na Trafalgar Square, hatua chache kutoka National Gallery, jumba la michoro, nako ni bure.

Ukiwa na watoto, nenda South Kensington. Stesheni ina njia ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 1885 inayokwenda hadi kwenye majumba matatu ya makumbusho: V&A (Victoria and Albert, la sanaa na usanifu), la historia ya viumbe na la sayansi. Unafika karibu bila kuguswa na tone. Maonyesho ya kudumu ni bure, ila likizo za shule weka nafasi kabla. Uani mwa V&A kuna bwawa la kina kifupi ambamo watoto huruhusiwa kuchezea maji; siku ikiwa na joto hata manyunyu hayawazuii, kwa hiyo nguo za kubadilisha zisikose. Ijumaa V&A hufungwa saa nne usiku.

Watu wazima wawili wanaotaka siku ya polepole waende British Museum, wakae chini ya paa la kioo la uwanja wake wa ndani, lenye vipande 3,312 ambavyo hakuna viwili vinavyofanana, wasikilize mvua. Jumba hilo lina kanga katika mkusanyiko wake, na vyumba vya Afrika viko chini. Wakitoka wapite New Oxford Street kuitazama James Smith & Sons, duka la miavuli lililoanzishwa mwaka 1830. Bei zake ni za urithi, lakini kuangalia dirisha hakulipiwi.

Picha

Wingu ni zawadi kwa ngozi zetu. Halitoi vivuli vikali chini ya macho na pua. Simama mwanzoni mwa paa, uso ukielekea nje kwenye mwanga, giza la ndani likiwa nyuma yako; gusa uso kwenye skrini ya simu ili kamera ipime mwanga hapo, si kwenye anga. Usiku ukiingia, shusha simu karibu na lami iliyoloa, rangi ya koti itajirudia chini.

Ukirudi nyumbani

Ning'iniza koti bafuni na dirisha likiwa wazi, si juu ya hita, kwani joto huutoa ule utepe wa mishono. Mwavuli ukauke ukiwa umefunguliwa, la sivyo mbavu zikiwa za chuma zitashika kutu na kitambaa kitanuka. Viatu vya ngozi vijaze magazeti, uyabadilishe kabla ya kulala. Kitenge kilicholoa kisuuze kwa maji safi siku hiyo hiyo hata kama hakijachafuka, maana maji ya barabarani yana mafuta, na doa likishalala pindoni usiku mmoja kulitoa ni kazi.